Mbwa wa Nasaba na Mbwa Koko: Mgawanyiko Huu Ulianzia Wapi?

Mtu anayetaka mbwa siku hizi ana njia mbili kuu. Anaweza kwenda kwa mzalishaji akanunua mtoto wa mbwa ambaye baba na mama yake wanajulikana na wameandikwa daftarini. Au anaweza kwenda katika kituo kinachohifadhi mbwa waliotupwa na kupotea, akamchukua mmoja wao. Mjadala kuhusu njia ipi ni bora huendeshwa zaidi kwa hoja za huruma upande mmoja, na hoja za fedha na usalama upande wa pili. Insha hii inauangalia mjadala huo kwa jicho la historia. Inadai kwamba mbwa wa nasaba na mbwa wa kituoni walizaliwa pamoja, katika nchi moja na kizazi kimoja, na kwamba anayejua walivyozaliwa atachagua kwa busara zaidi.

Kabla ya katikati ya karne ya 19, mbwa wa Uingereza waliitwa hasa kwa kazi zao. Kulikuwa na mbwa wa kondoo, mbwa wa kuwinda mbweha, mbwa wa kulinda ua na mbwa wa kukamata panya. Wenye mbwa walichagua wa kuzalisha, lakini walichagua aliyefanya kazi vizuri, na hakuna aliyekatazwa kuchanganya damu ikiwa mchanganyiko ungeleta mbwa hodari.

Mabadiliko yalianza Juni 1859 katika mji wa Newcastle, ambako yalifanyika maonyesho ya mbwa yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake. Walioshindanishwa walikuwa mbwa 60 tu, wote wa kuwindia ndege, na washindi walizawadiwa bunduki. Zawadi hiyo inaonyesha kwamba wakati huo mbwa alikuwa bado ni mwenzake mwindaji. Hata hivyo, maonyesho yaliongezeka upesi, na palipo na mashindano hutakiwa kanuni na kumbukumbu. Mwaka 1873 mbunge Sewallis Shirley na wenzake walianzisha Kennel Club mjini London, na mwaka uliofuata chama hicho kikachapisha daftari la nasaba lililorudi nyuma hadi maonyesho ya 1859. Tangu hapo mbwa aliweza kuwa na ukoo uliothibitishwa kwa maandishi, kama mtoto wa kabaila. Mwaka 1891 Charles Cruft akaanzisha maonyesho yanayoitwa kwa jina lake hadi leo.

Sasa tuangalie upande wa pili. Mwaka 1860, yaani mwaka mmoja tu baada ya Newcastle, mwanamke aitwaye Mary Tealby alifungua mahali pa kuwahifadhi mbwa waliopotea na wenye njaa huko Holloway, London. Watu wengi walimcheka. Waliuliza inakuwaje mbwa wa barabarani wajengewe makao katika jiji ambalo watu wenyewe walilala nje. Mwaka 1862 gazeti la Charles Dickens, *All the Year Round*, lilichapisha makala iliyoyaweka maonyesho ya mbwa ya Islington na kituo cha Holloway bega kwa bega, na kuyaita yote mawili maonyesho. Kwa hiyo tangu mwanzo walikuwapo walioona kwamba mambo haya mawili ni jozi. Mahali hapo palikuwa karibu, lakini katika moja mbwa walisifiwa na kutuzwa, na katika jingine walisubiri mtu wa kuwachukua. Makao ya Holloway yalihamia Battersea mwaka 1871, na bado yapo.

Ni muhimu tusikifanye kituo hicho kuwa pepo. Hofu ya kichaa cha mbwa ilikuwa kubwa, na sheria ya mwaka 1867 iliwapa polisi wa London mamlaka ya kukamata mbwa waliozurura. Battersea ilipokea mbwa wengi kuliko watu waliokuwa tayari kuwachukua, na wengi wao waliuawa. Mwaka 1884 kilijengwa humo chumba maalumu cha kuwaua kwa gesi, na wakati ule jambo hilo lilihesabiwa kuwa la huruma. Mwenye hoja kwamba kituo ni wema mtupu hana budi kuukumbuka ukurasa huu.

Je, ni sadfa tu kwamba maonyesho na kituo vilitokea wakati mmoja? Mimi naona sivyo. Mara tu mbwa fulani walipoandikwa daftarini, mbwa wengine wote wakawa wasioandikwa. Jambo ambalo zamani halikuwa sifa wala aibu likageuka kuwa upungufu. Mbwa koko alikuwapo siku zote, lakini daftari ndilo lililomfanya awe mbwa asiye na kitu.

Kwetu sisi wa Afrika ya Mashariki na Kati, mfano ulio wazi zaidi unatoka kwa jirani zetu wa Kongo. Katika misitu ya nchi hiyo wapo mbwa wadogo, wekundu au weusi wenye madoa meupe, masikio yamesimama na mkia umejikunja. Huwindishwa, na kwa kuwa hawabweki kama mbwa wengine, mwindaji humfunga wake kengele ya mti shingoni asimpotee porini. Wazungu waliwapeleka baadhi yao Uingereza. Wawili walionyeshwa Crufts mwaka 1895, lakini walikufa mapema kwa ugonjwa wa distempa. Katika miaka ya 1930 Bibi Olivia Burn alifaulu kuwakuza, na mwaka 1937 mbwa hao walipoonyeshwa Crufts, watu walijazana kumtazama mbwa asiyebweka. Mwaka 1943 chama cha Marekani, American Kennel Club, nacho kikawakubali kuwa aina kamili.

Jina walilopewa ni basenji. Msemaji wa Kiswahili halihitaji kamusi. Jina hilo hufasiriwa kuwa ni lile neno letu washenzi, likiwa na kiambishi *ba-* cha lugha za Kongo badala ya *wa-*. Tujikumbushe kwamba mshenzi, kwa watu wa miji ya pwani, alikuwa mtu wa bara, asiyekuwa na ustaarabu wa mjini. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuliozaliwa Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo tunalijua neno hilo kutoka upande wa anayeitwa. Basi mbwa huyu wa kishenzi alivuka bahari, akaandikwa daftarini, na leo mtoto wake hununuliwa kwa fedha nyingi huko Ulaya na Marekani. Ndugu zake waliobaki kijijini hawana bei. Wote wana damu ile ile, na tofauti yao ni karatasi.

Lakini karatasi hiyo ina gharama yake. Daftari la nasaba kwa kawaida hufungwa, yaani haliruhusu damu mpya kutoka nje. Basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache sana, na baada ya miongo kadhaa ya kuzaliana wenyewe kwa wenyewe, ugonjwa wa kurithi wa figo ulienea miongoni mwao. Mnamo 1987 na 1988 wapenzi wa mbwa hao kutoka Marekani walisafiri hadi Zaire kutafuta mbwa wapya vijijini, na mwaka 1990 American Kennel Club ililifungua daftari ili 14 waingizwe. Mbwa wa nasaba alirudi kwa mshenzi kuomba afya. Naona tukio hili linaeleza zaidi kuliko hotuba nyingi kuhusu ubora wa damu safi.

Basenji hawakuwa peke yao. Mwaka 2008 filamu ya BBC ilionyesha mbwa wa Cavalier King Charles waliokuwa na maumivu makali kwa sababu mafuvu yao yalikuwa madogo kuliko ubongo. Kelele zilikuwa kubwa hata BBC ikaacha kutangaza Crufts, na mwaka 2009 Kennel Club ikakataa kuandikisha watoto waliozaliwa na mbwa ndugu wa tumbo moja, au mzazi na mwanawe. Baadaye sheria ikaingilia kati. Tangu Aprili 2020, dukani au kwa mchuuzi hakuuzwi tena mtoto wa mbwa wa chini ya miezi sita huko Uingereza. Mnunuzi aende kwa mzalishaji mwenyewe au achukue mbwa kituoni. Sheria hiyo huitwa kwa jina la Lucy, mbwa wa aina hiyo hiyo ya Cavalier, aliyeokolewa kutoka banda alimozalishwa mfululizo. Jimbo la California lilitangulia mwaka 2019 kwa kuyataka maduka yauze mbwa waliotoka vituoni tu.

Wapo watakaosema kwamba mzalishaji mwaminifu anasaidia, na wana haki ya kusikilizwa. Mchungaji anahitaji mbwa mwenye silika ya kuchunga, na kipofu anahitaji mbwa mtulivu wa kumwongoza. Kujua wazazi wa mbwa kunapunguza bahati nasibu. Lakini hoja hiyo ni ya kazi, kama ilivyokuwa kabla ya 1859. Haihalalishi kununua jina ili kujionyesha.

Hapa Kampala anayetaka mlinzi wa ua mara nyingi huulizia German Shepherd, ilhali mbwa wa kienyeji, aliyezoea jua letu na magonjwa yetu, hufukuzwa kwa mawe. Kipo pia kituo cha Uganda SPCA, kinachopokea mbwa na kuwatafutia nyumba. Hitimisho langu ni kwamba kwa mtu anayetaka mwenzi au mlinzi wa kawaida, kituo ndicho mahali pa kuanzia, mradi mbwa amechanjwa na tabia yake imeangaliwa. Anayelazimika kununua amwone mama wa mtoto huyo kwa macho yake, na aulize habari za ugonjwa kabla ya habari za ukoo. Daftari la nasaba linatueleza mbwa alizaliwa na nani. Halikuwahi kutueleza ana thamani gani, na sisi ambao babu zetu waliitwa washenzi tungepaswa kuwa wa kwanza kuiona tofauti hiyo.