Struve, Mpimaji wa Nyota na Dunia

Friedrich Georg Wilhelm Struve, ambaye Warusi humwita Vasily Yakovlevich, hakuzaliwa Urusi. Alizaliwa Altona, karibu na Hamburg, mwaka 1793. Akiwa kijana alikimbilia Tartu, mji uliokuwa chini ya himaya ya Urusi, asije akaingizwa katika jeshi la Napoleon. Chuoni alianza na lugha za kale. Nyota zikamteka baadaye.

Mwaka 1824 kituo cha kutazama nyota cha Tartu, alikofanya kazi, kilipokea darubini ya fundi Mjerumani Joseph Fraunhofer. Lenzi yake ilikuwa na upana wa sentimita 24, na hapakuwa na ya kuishinda duniani kwa aina yake. Struve alikagua nyota zipatazo 120,000, na mwaka 1827 akachapisha orodha ya nyota pacha zaidi ya 3,000.

Mwaka 1837 alitangaza kipimo cha umbali wa nyota Vega, kilichokaribia sana kile cha leo. Bahati mbaya, alipopima tena alipata jibu karibu maradufu, wenzake wakaingiwa na shaka. Sifa ya kutangulia kupima umbali wa nyota ikamwendea mwanaastronomia mwenzake Bessel.

Toka 1839 aliongoza kituo cha kutazama nyota cha Pulkovo, karibu na Saint Petersburg.

Kazi yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya ardhini. Kati ya 1816 na 1855, yeye na wenzake walipima mstari wa kilomita 2,820, pembetatu baada ya pembetatu, toka Norway hadi Bahari Nyeusi, ili kujua ukubwa na umbo la Dunia. Mwaka 2005 UNESCO iliorodhesha alama 34 za mstari huo, katika nchi 10, kuwa Urithi wa Dunia. Jengo la kituo cha Tartu ni mojawapo.