Majina 24: MERS Ilivyoifunza Serikali ya Korea Kusini Kuwajibika

Tarehe 27 Januari 2020, Korea Kusini ilikuwa na wagonjwa wanne tu wa korona. Siku hiyo hiyo maofisa wa afya waliwaita watengenezaji wa vipimo kwenye kikao cha haraka katika kituo cha treni cha Seoul, wakawaambia: tengenezeni kipimo, nasi tutakiidhinisha upesi. Tarehe 4 Februari kipimo cha kwanza kikaidhinishwa. Wengi wetu tulisema, "Aah, wale wana teknolojia." Sawa, wanayo. Lakini teknolojia walikuwa nayo mwaka 2015 pia, na mwaka huo waliaibika vibaya.

Turudi nyuma kidogo. Mei 2015, mzee wa miaka 68 alirudi Korea kutoka safari ya nchi za Ghuba. Akaanza homa, akazunguka hospitali moja hadi nyingine. Daktari mmoja wa Seoul akashuku MERS, ugonjwa wa kupumua unaosababishwa na kirusi cha jamii ya korona na ambao binadamu huupata kutoka kwa ngamia. Akaomba kipimo. Mamlaka ikasita: mgonjwa alikuwa ametaja Bahrain, na Bahrain haikuwa na MERS. Jibu likapatikana tarehe 20 Mei, wakati mzee ameshakutana na watu kibao.

Kosa la pili lilikuwa la hesabu. Mwongozo ulisema aliye hatarini ni yule aliyekaa ndani ya mita mbili na mgonjwa kwa saa moja au zaidi. Basi waliolazwa wadi moja na mzee, ila chumba tofauti, hawakufuatiliwa. Mmoja wao alipanda basi hadi Seoul na kulazwa katika idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyojaa watu. Huyo mmoja aliambukiza zaidi ya watu 80.

Kosa la tatu ndilo lililowachoma wananchi. Serikali iligoma kutaja hospitali zenye maambukizi, ikihofia taharuki. Kumbe kimya ndicho kilicholeta taharuki! Watu wakaanza kujichorea ramani zao mtandaoni, wakichanganya ukweli na uvumi. Mgonjwa wa figo au mama mjamzito hakujua kama hospitali anayokwenda ni salama. Majina ya hospitali 24 yalitangazwa tarehe 7 Juni, siku 18 baada ya mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa. Mwishowe waliougua walikuwa 186, waliofariki 38, na zaidi ya watu 16,000 waliwekwa karantini.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia mimi. Kabla mlipuko haujaisha, bunge lilibadilisha sheria: ugonjwa hatari ukiingia, serikali inalazimika kutangaza haraka mahali wagonjwa walipopita na hospitali walizotibiwa. Yaani kutoa taarifa haikuwa tena hisani ya waziri. Mwaka 2016 ukaja utaratibu wa kuidhinisha vipimo kwa dharura, ule ule uliotumika 2020. Na Januari 2016 taasisi ya ukaguzi ya taifa ikatoa ripoti iliyoeleza nani alichelewa wapi, ikataka watumishi 16 waadhibiwe.

Haikuwa haki kamili. Waziri wa afya aliyeondolewa hakuwemo kwenye orodha. Tayari alikuwa amepewa uongozi wa mfuko wa pensheni wa taifa. Wadogo ndio waliobeba mzigo. Lakini angalia hili: miongoni mwa waliopendekezewa adhabu alikuwa daktari Jeong Eun-kyeong. Mwaka 2017 alipewa kuongoza kituo cha kudhibiti magonjwa, na mwaka 2020 ndiye aliyesimama mbele ya taifa kila siku akisoma takwimu, nzuri na mbaya. Aliyajua makosa ya 2015 kwa ndani.

Hata dawa hiyo ilikuwa na madhara yake. Mwaka 2020 taarifa za mienendo ya wagonjwa zilikuwa za kina mno, kiasi kwamba majirani waliweza kumtambua mtu na kumsema. Tume ya haki za binadamu ikalalamika Machi, na miongozo ikarekebishwa. Uwazi nao unahitaji mipaka, na mipaka hiyo ilipatikana kwa sababu kulikuwa na chombo cha kulalamika.

Kwa nini haya yatuhusu? Ngamia wa kaskazini mwa Kenya wamekutwa na kingamwili za kirusi cha MERS, kwa hiyo hadithi hii haiko mbali sana na zizi letu. Na sisi tuna mazoea: mlipuko ukiisha, tunashukuru Mungu, tunapiga picha na mashine mpya, tunasonga mbele. Mashine ni muhimu, sikatai. Ila safari ijayo tuulize pia: ripoti ya ukaguzi iko wapi, imesomwa na nani, na ni kifungu gani cha sheria kimebadilika?