Sajini Bilko na Sokwe Kuruti

Mara ya kwanza nilimwona Sajini Bilko kwenye kanda ya video, ile filamu ya 1996 ya Steve Martin. Vijana tulicheka sana. Mjomba wangu, aliyepiga kwata JKT enzi za mujibu wa sheria, alitazama nusu saa akasema, "Huyu si askari, ni mfanyabiashara," akaenda zake kulala. Ilinikera. Mtu aliyesota kambini, mbona hacheki?

Jibu nililipata kwa Bilko mzee. Yule wa filamu ni mtoto tu. Bilko mwenyewe alizaliwa 1955 katika televisheni ya CBS huko Marekani. Mtunzi wake alikuwa Nat Hiken, na Phil Silvers ndiye aliyemcheza hadi 1959. Sajini wa gereji ya jeshi, kambi ya Fort Baxter: leo kamari, kesho bahati nasibu ya uongo, na Kanali Hall, masikini ya Mungu, hajui hili wala lile!

Hebu angalia miaka, ndugu msomaji. Vita vya Korea vilisimama 1953. Wanaume wengi waliokaa mbele ya televisheni zile walikuwa wamechukuliwa jeshini kwa mujibu wa sheria, wao pia. Foleni na fomu walizijua. Ndiyo maana kipindi kimoja cha 1956 kilikuwa moto: wakubwa wanataka kuvunja rekodi ya kuandikisha makuruti haraka, basi sokwe anapita na foleni, anapimwa, anapewa jina, anaapishwa. Hakuna aliyemtazama usoni! Ili atoke, ikabidi apelekwe mahakama ya kijeshi, na wakili wake nani? Bilko.

Tena kikosini mle mlikuwa na askari weusi pamoja na wazungu, miaka 7 tu baada ya amri ya Rais Truman ya 1948, wakati kusini mwa nchi ile hata viti vya basi vilitengwa. Bila hotuba. Wamo tu, wanacheza kamari na wenzao.

Marekani iliacha kuandikisha kwa lazima 1973. Kwa hiyo Bilko wa 1996 anawachuna watu waliojiunga kwa hiari yao. Ujanja ni ule ule, ila yule aliyestahili kuchezewa shere hayupo tena. Mimi naona hapo ndipo filamu ilipopwaya.

Nilimsimulia mjomba habari za sokwe. Alicheka mpaka akakohoa. "Huyo namjua," akasema. "Tulilala bweni moja."