Laha za mitindo (CSS)

Laha za mitindo, au CSS, ni lugha inayokieleza kivinjari namna ya kuonyesha ukurasa wa tovuti: rangi, fonti, mpangilio na miondoko. Håkon Wium Lie, Mnorwe, aliipendekeza mwaka 1994 akiwa katika maabara ya utafiti ya CERN. Toleo la kwanza liliidhinishwa Desemba 1996.

Mjini Voi, Kenya, mlangoni mwa hifadhi ya Tsavo Mashariki, ufundi huu unafaa hasa tovuti za hoteli na kambi za watalii. Kwa kanuni ya @keyframes, inayopanga hatua za mwondoko, picha ya tembo aliyejipaka udongo mwekundu hukuzwa taratibu, na kitufe cha kuweka nafasi hubadili rangi kikiguswa, bila video. Kwa anayehesabu bando, hiyo si faida ndogo. Mbunifu makini huhuisha sifa za transform (kusogeza, kukuza au kuzungusha) na opacity (kiwango cha uwazi) tu. Akihuisha upana, kivinjari hulazimika kupanga ukurasa upya katika kila fremu, na simu ya bei nafuu hukwama. Madoido mengi, tuseme kweli, ni kero. Kwa wanaopata kizunguzungu, sharti la prefers-reduced-motion humwezesha mbunifu kuzima miondoko.

Kwa anayetaka kusomea fani za kompyuta, Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopewa hati mwaka 2016, hufundisha informatiki karibu na Voi.