WATU WA NAMBA: Mkonge ulivyoijenga Tanga na kuiacha Kigoma nyuma

Wadau, mmeshawahi kujiuliza kwa nini Tanga imejaa Waha, Wangoni, Wamakonde na Wanyamwezi wakati kwao ni mbali kinoma? Ukipita Korogwe au Muheza unakuta mzee anamwaga Kiswahili cha pwani safi kabisa, halafu ukimuuliza asili yake anakwambia Kasulu. Wengi hujibu kirahisi tu, "si watu wanahama". Sawa, watu wanahama, ila hawa walihamishwa na mmea mmoja wenye miiba. Unaitwa mkonge.

Twende taratibu.

Mkonge si wa kwetu, asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, miche ikafa karibu yote. Iliyofika hai ni 62 tu. Umesoma vizuri, 62! Mashamba makubwa yaliyokuja baadaye chanzo chake ni hapo.

Sasa kwa nini Tanga? Hapa ndo mazingira yanaingia. Wajerumani walianza na kahawa kwenye milima ya Usambara, ikawatoa jasho. Mkonge wenyewe hauna mbwembwe, unavumilia ukame na jua la bondeni bila tatizo. Bandari ipo karibu, na reli ya kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka huohuo wa 1893.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawakijui. Jani la mkonge likishakatwa halitakiwi kukaa, lazima lisindikwe haraka kabla halijakauka. Na kwenye kilo 100 za majani unapata kama kilo 4 tu za singa. Nani atasafirisha mzigo wa namna hiyo kwenda mjini? Ndo maana mashine ya kusindika, ile wanayoiita korona, ilifungwa shambani hukohuko. Halafu mkonge hauna msimu kama pamba au korosho, unakatwa mwaka mzima. Maana yake mwenye shamba alihitaji watu wa kulala palepale, Januari mpaka Desemba. Hapo ndipo yakazaliwa makambi.

Tatizo likawa watu. Wenyeji, yaani Wabondei, Wasambaa, Wazigua na Wadigo, walikuwa na mashamba yao. Mtu mwenye muhogo wake na minazi yake, ambaye anaweza kuuza chakula kwa hao wa makambini, kwa nini akachomwe miiba kwa ujira mdogo? Ikabidi wakatafutwe watu wa mbali, tena wasio na njia nyingine ya kupata hela.

Na hela ilikuwa lazima. Wajerumani walileta kodi ya nyumba mwaka 1898. Ukikaa karibu na bandari au una zao la kuuza, unalipa. Ukikaa Buha huko bondeni mwa Malagarasi, utauza nini na utamuuzia nani? Kule Songea ndio kabisa. Baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, Wajerumani walichoma vijiji na vyakula, njaa ikaua watu wengi mno. Aliyebaki hai alikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza: mikono yake.

Waingereza walipochukua nchi waliendeleza palepale. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU. Mawakala wake walizunguka mikoa ya mbali, wakaandikisha vijana kwa mkataba na kuwasafirisha. Ukishaandikwa unapewa namba. Neno "manamba" limetoka hapo. Wakati wewe una jina ulilopewa na bibi yako, kwenye daftari la shamba wewe ni namba.

Kazini kulikuwa na kipande, kadi ya siku 30. Siku unayomaliza kazi uliyopangiwa inawekwa alama. Ukiumwa au usipofikisha idadi, siku hiyo haihesabiwi. Majani yanafungwa mafungu ya 30, miba inachoma, jua linawaka, na mnyapara yupo nyuma yako.

Leo watu wanatania "Kigoma mwisho wa reli". Reli ilifika kule mwaka 1914. Lakini kwa vijana wa enzi zile ule haukuwa mwisho, ndipo safari ilipoanzia. Treni ilibeba nguvu kazi kwenda mashambani. Hela ikawa bandari na maghorofa Tanga, huku Kigoma akibaki mama na watoto wanalima bila mwanaume. Ndo maana nikisikia mtu anasema mikoa fulani iko nyuma kwa sababu watu wake wazembe, huwa nachoka kabisa. Mkoa uliotoa vijana wake kwa miaka hamsini ungeendeleaje?

Ila wale watu hawakukaa kinyonge. Kambi moja ina makabila kumi, mtaongea nini kama si Kiswahili? Wakaoana, wakataniana, wakacheza ngoma zao Jumapili. Hata wapenzi wa dansi mjue hili: Jamhuri Jazz Band, bendi kubwa ya Tanga, ilianza miaka ya 1950 ikiitwa Young Nyamwezi. Wanyamwezi Tanga! Sasa mnajua walifikaje. Mashambani humohumo vyama vya wafanyakazi vikapata nguvu, migomo ikapigwa, na TANU ikapata watu wa kuisikiliza.

Uhuru ulipofika 1961 mkonge ndio uliokuwa unaingizia nchi fedha nyingi za kigeni kuliko zao lolote. Miaka ya 1960 tulizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, tukaongoza dunia. Kisha kamba za nailoni na plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, serikali ikataifisha mashamba mengi, usimamizi ukayumba, mitambo ikazeeka. Kufika mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa kama sehemu moja ya kumi ya ule wa zamani. Leo anayeongoza ni Brazil.

Na wale watu je? Hapa ndo panauma. Korona zilinyamaza, wao wakabaki. Kurudi Kasulu au Songea baada ya miaka arobaini, unarudi kwa nani? Wajukuu zao wamezaliwa kambini, ardhi ni ya shamba, kijiji kimezungukwa na mkonge wa mtu mwingine, hawana hati wala pa kulima pa kueleweka. Yaani familia imekaa mahali vizazi vitatu na bado inaitwa ya wageni.

Mjini "manamba" limegeuka neno la kumdharau mtu wa kazi ngumu. Kabla hujalitumia tena, kumbuka shule nyingi, hospitali na barabara za mwanzo za nchi hii zililipiwa na fedha za katani, na katani ile iliguswa na mikono ya watu ambao hakuna mtaa hata mmoja wenye majina yao.

Kama babu yako ana asili ya mbali na alizeekea Tanga, Kilosa au Morogoro, muulize alifikaje. Kama bado yupo, muulize leo. Anza kwa kumuuliza jina lake lote.