Ati uzembe?

Wasee, kuna neno moja nimelichukia tangu nikiwa darasa la sita. Uzembe.

Anko wangu, yule anayemfuata mamangu, alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda fulani Industrial Area hapa Nairobi. Alikuwa kwenye presi, ile mashine inashuka kwa nguvu na kukata bamba la chuma litoke na umbo linalotakiwa. Usiku mmoja shifti ikiwa karibu kuisha, mashine ilishuka kama mkono wake wa kushoto bado uko ndani. Vidole viwili vikaenda. Fomu iliyojazwa ofisini ilikuwa na mstari mmoja tu wa kueleza chanzo cha ajali: uzembe wa mfanyakazi. Na kitu inaniuma mpaka leo ni kwamba yeye mwenyewe aliamini. Tulipoenda kumwona hospitalini alimwambia mamangu, "Dada, ni makosa yangu. Nilisinzia kidogo."

Hiyo ilinikaa kichwani. Nilipokuwa mkubwa nikaanza kusoma jinsi watu walivyofika mahali pa kuamini kwamba ajali ikitokea, wa kwanza kuangaliwa ni yule aliyeumia. Ni historia ndefu kiasi, na sehemu tamu zaidi inahusu ndege za vita, kwa hivyo vumilia.

Tuanze 1931, Marekani. Jamaa anaitwa Herbert William Heinrich, mfanyakazi wa kampuni ya bima ya Travelers kule Hartford, alichapisha kitabu kinaitwa Industrial Accident Prevention. Heinrich alipitia rekodi za ajali 75,000. Chache kati yake, kama 12,000, zilitoka kwenye faili za bima, na zilizobaki zilitoka kwa viwanda vyenyewe. Akazigawa: asilimia 88 alisema zilisababishwa na vitendo vya hatari vya watu, asilimia 10 na hali mbaya ya mashine au mahali pa kazi, na asilimia 2 hazingeweza kuepukika.

Hiyo 88 imeishi kuliko mwenyewe. Ukikaa kwenye mafunzo ya usalama kazini leo, kuna uwezekano mkubwa utaiona kwenye slaidi, hata kama jina la Heinrich halipo. Lakini hebu jiulize, ripoti za ajali kiwandani huandikwa na nani? Kwa kawaida ni msimamizi. Na kila ajali ilipewa sababu moja tu. Sasa niambie, ukiwa msimamizi na fomu inataka sababu moja, utaandika "mimi nilikataa kuweka kinga kwenye mashine" ama utaandika "Kamau hakuwa makini"? (Tumtendee haki mzee Heinrich: yeye mwenyewe alisisitiza mashine ziwekewe kinga. Waliokuja nyuma yake walibeba asilimia na kuacha kinga.)

Miaka kumi na kitu baadaye Marekani iko vitani, na jeshi lina ndege kubwa ya kudondosha mabomu inaitwa B-17. Ndege nzuri, imara. Shida ilikuwa moja ya ajabu. Rubani anaenda vitani, anapigwa risasi, anarudi mzima, anatua vizuri kabisa, halafu ndege ikiwa tayari iko chini anakunja magurudumu. Ndege inakaa na tumbo. Propela zinapinda, mali inaharibika. Na si mmoja, ni marubani wengi tofauti, wale wamefunzwa na wana uzoefu. Maelezo yalikuwa yale yale: kosa la rubani.

1943, kijana mmoja wa saikolojia anaitwa Alphonse Chapanis, udaktari wake wa Yale bado wa moto, alikuwa ameajiriwa kwenye maabara ya jeshi pale Wright Field, Ohio. Akapewa hiyo kesi. Jambo la kwanza aliloligundua ni kwamba marubani wa ndege nyingine, kama C-47, hawakuwa na hilo tatizo. Hapo tu ungesimama. Kama ni uzembe, mbona wazembe wote wamepelekwa kwa B-17?

Akaangalia mahali rubani anakaa. Kwenye B-17, swichi ya magurudumu na swichi ya flapu zilikuwa kando kwa kando, na zilifanana. Flapu ni vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua ili ndege iweze kuruka polepole bila kuanguka. Ukishatua, unazirudisha juu. Kwa hivyo rubani amechoka, ametoka kwa mabomu, mikono bado inatetemeka, anataka kurudisha flapu, mkono unaenda pale unapoenda siku zote, na unashika ya jirani. Magurudumu yanakunjwa.

Alichofanya Chapanis hakikuhitaji pesa. Kwenye kidhibiti cha magurudumu alibandika kigurudumu kidogo cha mpira. Kwenye cha flapu akaweka kipande chenye umbo la bawa. Sasa hata gizani vidole vinajua vimeshika nini. Tatizo likaisha. Siku ukipata nafasi ya kuchungulia mahali marubani wanakaa kwenye ndege ya abiria, utaona mkono wa magurudumu una umbo la gurudumu hadi leo.

Mimi nikisoma hiyo nilisimama nikazunguka nyumba. Kwa sababu hakuna rubani hata mmoja aliyebadilishwa. Hawakuongezewa semina, hawakukatwa mshahara, hawakubandikiwa bango la "Kuwa Makini". Kilichobadilika ni swichi.

Vita vilipoisha, wanasaikolojia wawili wa jeshi hilo hilo, Paul Fitts na Richard Jones, walifanya kitu ambacho kilifaa kufanywa mapema. Waliwauliza marubani wenyewe. Ripoti yao ya 1947 ilichambua visa 460 vya kile kilichoitwa kosa la rubani katika kutumia vidhibiti vya ndege. Karibu nusu yake ilikuwa ni mtu kushika kidhibiti kimoja akidhani ni kingine. Na ukiangalia ndege zenyewe, unaelewa. Kuna mikono mitatu ya injini: wa nguvu, wa propela, na wa mchanganyiko wa mafuta. Kwenye B-25 ilipangwa nguvu, propela, mafuta. Kwenye C-47 ilikuwa propela, nguvu, mafuta. Kwenye C-82, mafuta, nguvu, propela. Jeshi moja, kazi moja.

Hebu fikiria dere wa matatu. Asubuhi anapewa gari ambalo breki iko katikati. Mchana anabadilishiwa gari, breki imehamia kushoto, klachi iko kulia. Akigonga mtu pale Muthurwa tutasema nini? Tutasema madere wa matatu wako na kichwa ngumu.

Ungefikiri baada ya hapo dunia ilijifunza. Wapi. Tarehe 28 Machi 1979, kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, kilipata hitilafu. Vali moja ilifunguka na ikakwama wazi, maji ya kupoza mtambo yakaendelea kutoka. Kwenye ukuta wa vidhibiti kulikuwa na taa ya hiyo vali. Taa ilikuwa imezimika, na wafanyakazi wakasoma kwamba vali imefungwa. Ukweli ni kwamba taa ilionyesha tu kuwa vali imeamriwa ifunge. Kama imetii ama imekataa, hiyo taa haikujua. Kengele zaidi ya 100 zililia ndani ya dakika chache, na watu wakiamini kuna maji mengi kupita kiasi, wakapunguza maji ya dharura. Karibu nusu ya kiini cha mtambo ikayeyuka. Na ndiyo, kuna waliosema ni kosa la wafanyakazi wa zamu.

Sasa turudi kwa Anko.

Presi kama ile yake ina vibonye viwili, kimoja kila upande, vimewekwa mbali. Lazima ubonyeze vyote ndipo mashine ishuke. Ni wazo lile lile la Chapanis: kama mikono yako yote miwili iko kwa vibonye, hakuna mkono ulio ndani. Haikuombi uwe macho saa kumi alfajiri. Lakini kibonye kimoja cha mashine ya Anko kilikuwa kimekandamizwa kwa kijiti na kufungwa kwa selotepu, kwa hivyo ilishuka ukibonyeza mkono mmoja. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa wanalipwa kwa idadi ya vipande, na ukitumia mikono yote miwili huwezi kufikisha targeti. Msimamizi alikuwa anapita hapo kila shifti. Hiyo selotepu haikuwa siri.

Na si kwamba hakuna dawa. Kuna mashine ambazo ukifunga kibonye kimoja zinagoma kabisa, kwa sababu zinataka vyote vibonyezwe karibu wakati mmoja na viachiliwe kabla ya kushuka tena. Aliyezitengeneza alijua watu watafunga vibonye, na hakupoteza muda kuwahubiria.

Kitu kingine nilijua nikiwa nimechelewa sana. Mwaka 2007 Kenya ilipitisha sheria mbili siku za karibu. Moja ni ya usalama na afya kazini, na inasema mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, wafanyakazi wakiwemo. Nyingine ni ya fidia ya majeraha ya kazini, ile watu wanaita WIBA. Hiyo WIBA haikutaki uthibitishe kwamba mwajiri ndiye aliyekosea. Inachokataa ni utovu wa makusudi, na hata hapo ina mipaka kama umelemaa vibaya. Kusinzia si makusudi. Lakini Anko aliona neno uzembe kwenye fomu, akaona aibu, akanyamaza. Muda wa kudai ukapita.

Disemba iliyopita tulikuwa ocha, nikamsimulia hiyo hadithi ya B-17. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hao marubani walilipishwa zile ndege. Nikamwambia sijui, sidhani. Halafu nikamuuliza kuhusu ile selotepu, kama ni yeye aliyefunga.

"Apana. Niliipata ikiwa hivyo," akasema. "Mwenye alikuwa kwa hiyo mashine mbele yangu ndiye alinionyesha."

"Na yeye alienda wapi?"

"Yeye aliumia."