Vumbi la Masjala

Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14 mwenye ualbino, huko Bukombe. Ilikuwa mara ya kwanza nchini watu kutiwa hatiani kwa mauaji ya aina hiyo, na magazeti ya dunia yaliiandika. Kisha dunia ikageukia mambo mengine, na faili likabaki kwa makarani. Faili la namna hiyo hubeba mengi kuliko yanayofika gazetini: nani alimwona nani usiku ule, shahidi anaishi kitongoji gani, mzazi alisema nini alipoapishwa, nani alimtaja ndugu yake polisi.

Kwa miaka mingi faili kama hilo lilikuwa la umma kwa maana ya sheria. Haki ya kuomba nakala ya hukumu ilikuwepo, lakini mwombaji alihitaji nauli ya kufika mjini, namba ya kesi, ada ya nakala na subira ya njoo kesho. Mtu aliyetoka kijijini kutafuta nani alitoa ushahidi dhidi ya kaka yake alikumbana na vizuizi hivyo vyote. Hakuna aliyevitunga kwa nia ya kumlinda shahidi. Vilikuwepo tu, pamoja na vumbi la masjala, na vikamlinda.

Wamarekani waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa kuwapa waandishi wa habari rekodi ya jinai ya mtu mmoja iliyokusanywa na FBI, ingawa kila kipande chake kilikuwa wazi katika ofisi fulani ya wilaya. Majaji walisema karatasi zilizotawanyika nchi nzima si kitu kimoja na muhtasari uliokaa ndani ya kompyuta. Siri ilikuwa katika ugumu wa kuzikusanya.

Sheria yetu nayo ilisimama juu ya ugumu huo. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iliagiza ushahidi wa kesi hizo utolewe faraghani, na ikazuia ushahidi na mashahidi kuchapishwa katika magazeti na vyombo vingine vya habari. Ikaacha mlango mmoja: vitabu vya ripoti za kesi, na majarida ya kitaalamu ya wanasheria na madaktari. Mwaka 1998 mlango huo ulikuwa mwembamba. Kitabu cha ripoti za kesi kilikaa kwenye kabati la wakili au maktaba ya chuo, na hakuna mwanakijiji aliyekisoma akisubiri basi Katoro.

Leo hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani hupakiwa TanzLII, mtandao wa Mahakama ya Tanzania ambao haudai ada wala kitambulisho. Ni neema kubwa. Mwanafunzi wa sheria aliyeko Shinyanga anasoma alichokuwa akisoma mwenzake wa Mlimani peke yake, na mfungwa anayekata rufaa anaweza kusaidiwa na ndugu mwenye simu. Jaji anayejua kwamba hukumu yake itasomwa na nchi nzima huandika kwa uangalifu zaidi. Lakini mlango mwembamba wa 1998 umekuwa geti la mnada.

Majaji wameliona hilo. Katika rufaa za ubakaji utakuta mara kwa mara wametamka kwamba jina la mtoto halitatajwa, naye huitwa mwathirika au shahidi wa kwanza. Ni hatua njema, ila jina ni uzi mmoja tu wa kitambaa. Ukificha jina la mtoto kisha ukaacha la mama yake, la shule na la kitongoji, aliyefichwa ni kwa msomaji wa Dar es Salaam. Majirani hawakuhitaji jina.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapa kwamba kila kitu kifungwe tena. Ukanda huu wa dhahabu unatukataza, kwa sababu ya Bulyanhulu.

Mwishoni mwa Julai 1996 serikali iliwaamuru wachimbaji wadogo waondoke Bulyanhulu, wilayani Kahama, kuipisha kampuni iliyomilikiwa na Sutton Resources ya Kanada. Mwezi uliofuata mashimo yalifukiwa. Yakazuka madai kwamba zaidi ya watu 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni walikana. Mwaka 1999 Barrick iliinunua Sutton, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji. Wanasheria wa LEAT, waliodai uchunguzi huru, walifunguliwa mashtaka ya uchochezi mwaka 2002. Mwaka huohuo ofisi ya malalamiko ya taasisi za Benki ya Dunia iliandika kwamba haikupata ushahidi wa kuthibitisha madai hayo. LEAT hawakukubali, na mabishano hayajafungwa hadi leo.

Mabishano hayo yalikosa kitu kimoja: daftari. Hata idadi ya watu waliokuwa Bulyanhulu haikuafikiwa. Makadirio ya pande mbili yalipishana kwa makumi ya maelfu. Mchimbaji mdogo alifika kutoka Nzega, Sengerema au Kigoma, akapata nafasi kwenye duara la mtu, akajulikana kwa jina la utani. Asiyeandikwa popote akitoweka, familia yake haina karatasi ya kuonyesha kwamba aliwahi kuwepo pale. Faragha ya namna hiyo haimlindi anayetoweka. Humlinda yule anayeweza kuulizwa.

Kwa hiyo mfumo wa leseni za madini ulipowekwa mtandaoni, na ramani yenye vipande vya ardhi na majina ya wamiliki ikafunguka kwenye simu, haukuwa udadisi mtupu. Leseni ndogo ya uchimbaji, PML, hutolewa kwa Watanzania pekee. Mwenye duara Geita anayeambiwa na mgeni kwamba eneo analochimba lina mwenyewe ana haki ya kujua mwenyewe ni nani, lini alipewa, na kama leseni bado hai. Sheria ya 2015 ya uwazi na uwajibikaji katika madini, mafuta na gesi ilikwenda mbele zaidi, ikataka mikataba na majina ya wenye hisa yawekwe wazi. Aliyekwenda serikalini kuomba kipande cha ardhi ya wote hawezi kusema jina lake ni siri ya nyumbani.

Ukanda huuhuu ulikuwa umejaribu njia nyingine ya kushughulika na majina. Machi 2009 serikali iliendesha kura ya siri Kanda ya Ziwa. Wananchi walipewa fomu wawaandike wanaowashuku kwa mauaji ya watu wenye ualbino, ujambazi na dawa za kulevya, bila kujitambulisha. Lengo lilieleweka: shahidi alikuwa anaogopa. Lakini hapa ndipo mahali ambapo kikongwe mwenye macho mekundu huweza kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na ambapo ramli chonganishi zilisababisha damu nyingi kiasi kwamba Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Jina lililoandikwa kwa chuki halitofautiani kwa macho na jina lililoandikwa kwa ukweli. Fikiria fomu zile zingepigwa picha na kurushwa WhatsApp. Kuna karatasi ambayo serikali inaweza kulazimika kuikusanya, na ambayo haipaswi kamwe kuwa ya umma.

Tuna sheria mbili sasa, na zote zinahitajika. Ya Haki ya Kupata Taarifa, ya 2016, inafungua ofisi za umma, huku ikizuia uingiliaji usio wa haki katika faragha ya mtu. Ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za watoto imeziweka katika kundi la taarifa nyeti. Lakini hakuna sheria inayoweza kusoma kila ukurasa kabla haujapakiwa. Kazi hiyo ni ya mtu aliyeketi mbele ya kompyuta, na swali analopaswa kujiuliza ni dogo: jina hili linafanya kazi gani hapa? Jina la mwenye leseni linaeleza nani awajibike. Jina la mtoto aliyebakwa halimwongezei msomaji chochote kuhusu sheria.

Kuna jina gumu kuliko hayo: la mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji, akakaa rumande miaka, kisha Mahakama ya Rufani ikamwachia. Ukilifuta, umefuta ushahidi wa kutokuwa na hatia kwake. Ukiliacha, kila mwajiri atakayeliandika Google atakutana na neno "mauaji" kabla hajafika ukurasa wa mwisho. Kanada, ilikotoka kampuni ya Bulyanhulu, ina jibu la kati: CanLII, mtandao wao wa hukumu, huzuia injini za utafutaji za nje zisiorodheshe kesi. Anayetafuta kesi huingia mwenyewe na kuisoma yote. Anayedadisi jirani haletewi kesi mlangoni.

Huo ni ugumu kidogo uliorudishwa kwa makusudi, bila kumnyima mtu haki ya kusoma. Sisi tuliupata bure kutoka kwa umaskini wa masjala zetu, na tunaupoteza kila hukumu inapopakiwa. Wenye mashimo ya 1996 walihitaji majina yao yaandikwe. Mashahidi wa Kahama wa 2009, wengine wao wakiwa bado wanaishi jirani na ndugu za waliohukumiwa, wanahitaji ya kwao yapumzike.